Kaburi la Mzee Zabron

Baba Goodness,

Huku Tunduma tunapumua. Mahindi tumeshavuna, na Goodness ameng'oka jino. Amelificha akuoneshe ukirudi kutoka Ndola.

Nyumba ipo, ila uani kuna kaburi.

Mzee Zabron aliyetuuzia alifariki mwezi uliopita. Wanawe walimleta kutoka Itaka, jeneza likiwa juu ya kigari cha mizigo, kirikuu, wakasema marehemu aliomba alazwe kwenye nyumba aliyoijenga. Watu walishajaa, kina mama wanalia. Ningewafukuza na maiti yao? Niliwapa jembe letu, nikawapikia ugali.

Sasa wanadai baba yao hakuuza, alitupangisha tu. Mkataba wetu wanasema ni wa kughushi, na hati bado ina jina lake, ile uliyosema utaishughulikia ukija likizo. Kwenye baraza la ardhi mwenyekiti aliniuliza jambo moja tu: "Mama, kama kiwanja ni chenu, mbona amezikwa humo?"

Ile bima ya hatimiliki uliyoisikia huko, nimemwuliza wakala wa bima. Anasema hulipia kasoro ya umiliki iliyokuwepo kabla hujanunua, nawe hukuijua. Kasoro uliyoikaribisha mwenyewe haigusi.

Jana binti mkubwa wa marehemu alikuja kufagia kaburi. Alinisalimia vizuri, akamshika Goodness kichwani, kisha akauliza tunahama lini, maana wanataka kulijengea kwa saruji kabla ya mvua.

Jembe walirudisha, tena wameliosha. Sijaligusa.

Mkeo,
Enesi