Mluzi Ulipokoma

Machi 4

Mwanangu,

Hujambo huko? Vidole vimeacha kupasuka kwa sabuni ya kufulia mashuka ya hospitali? Sisi wazima, ila baba yako kifua kimemrudia. Ni ile sufi. Amepata oda ya magodoro kumi na mawili, anayajaza mwenyewe, mlango kaufunga isipeperuke. Akipumua, mluzi wa kifua chake nausikia mpaka jikoni. Nikimsema ananijibu, "Si ulitaka redio wewe? Umeipata." Dawa ya kuvuta ya kila siku ameiacha, eti haimpi nafuu papo hapo. Anavuta ile ya bluu tu, akizidiwa.

Barua yako iliyopita alinisomea mara mbili, akaigiza na kicheko chako.

Mama yako

Machi 9

Mama mpenzi,

Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Tangu nisome barua yako sijatulia. Nimemuuliza muuguzi wa wodini. Anasema mwenye pumu njia zake za hewa huwa zimevimba ndani hata siku anayojiona mzima, na dawa ya kila siku ndiyo inayotuliza huo uvimbe. Vumbi likiingia, misuli inayozizunguka inabana, makohozi yanaziba, hewa inabaki na upenyo mdogo wa kupita. Ndio huo mluzi. Mama, hili lishike: mluzi ukinyamaza na bado anahangaika kupumua, hajapona. Hewa haipiti tena. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Mwambie afungue mlango, sufi ipepee ikitaka.

Binti yako

Machi 27

Mwanangu,

Ulirudi salama? Mimi nakula, usiwe na shaka.

Ulipokuja kumzika baba yako uliniuliza habari ya barua yako, nikasema haijafika. Nilikudanganya. Ilifika Jumanne. Unajua mazoea yetu, barua yako haifunguliwi mpaka baba yako akae, avae miwani, anisomee. Siku hiyo alikuwa hamalizi sentensi. Nikaiweka kabatini, nikasema ataisoma kifua kikitulia.

Alhamisi mchana mluzi ukakoma. Alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, sauti hakuna. Nikamwambia, "Umeona, kimetulia." Nikamwomba jirani aache kugonga nyundo ili mgonjwa apumzike. Nikaenda kumtengenezea chai. Kikombe chake kilikuwa nyuma ya bahasha yako, nikaisogeza ili nikitoe.

Niliporudi na chai, mabega yalikuwa hayapandi tena.

Jana nimekaa kwenye kiti chake nikaifungua. Nilisoma kwa sauti, kama yeye. Nilipofika kwenye mluzi nikarudia mstari ule mara tatu, nikidhani sijui kusoma.

Sijui utanijibu nini, wala sikuharakishi. Ukikunja mashuka huko, mkumbuke baba yako. Na mimi unikumbuke.

Mama yako