Vidole Vitatu vya Kitambaa

Shangazi Zuwena,

Nguo ya Thuraya haikufunga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloliogopa, na wewe hukupenda maneno ya kuzungushwa. Mjukuu wako aliivaa hapa dukani Ghubra, wiki tatu kabla ya harusi. Akavuta pumzi, nami nikavuta mgongo wa nguo mpaka kulabu zikaniumiza vidole. Ikabaki wazi.

Ulipotuacha, harusi tuliiahirisha miezi mitano. Najua ulikataza. Ulisema harusi isimngoje maiti. Lakini nani angepiga vigelegele, Shangazi? Na katika miezi hiyo Thuraya alikulilia kwa kula. Kila alipokukumbuka alifungua friji, na alikukumbuka mara nyingi. Hakuna aliyemlaumu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukituambia, "Mwili si ukuta, mwanangu. Leo uko hivi, kesho vile. Acha akiba."

Akiba uliyojifunza kule jumba la opera, Qurum. Unakumbuka ile siku ya kwanza? Kundi la baleti lilikuja kutoka Ulaya na nguo zao zikachanika njiani, dereva akaletwa dukani kutafuta fundi, nawe ukanichukua nikubebee mkoba wa sindano. Tukamkuta yule mama mtunza nguo, mzee, futi shingoni. Hajui Kiarabu, hajui Kiswahili, nanyi mkazungumza kwa pini. Akakugeuzia gauni la mcheza ndani nje. Kila mshono ulikuwa na kitambaa cha ziada cha upana wa vidole vitatu. Mgongoni safu tatu za kulabu. Kwenye bitana, utepe wenye majina ya wasichana waliowahi kulivaa, mmoja chini ya mwingine. Ulilishika gauni lile kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Ukaniambia, "Umeona? Nguo hii haina mwenyewe. Ina zamu tu."

Basi hukuwa na hadithi nyingine tena. Thuraya akikusomea kwenye simu, nawe ukitusimulia upya huku unashona, kwa chumvi yako. Kwamba zamani wacheza walivaa magauni mazito ya ikulu, yanafagia sakafu, miguu haionekani, mpaka mmoja akathubutu kupandisha pindo juu ya vifundo na watu wakapiga makelele. Kwamba ikaja neti nyeupe, nyepesi, mpaka chini ya magoti, kisha ikapanda, ikapanda, ikasimama kiunoni kama sinia. Na kila kilichovaliwa jukwaani wanawake wa mjini walikitaka. Neti ikaingia kwenye magauni ya harusi. Viatu bapa vya wacheza vikashuka barabarani, navyo hivyo ndivyo nilivyovaa siku uliponicheka kuwa natembea kama bata.

Siku Thuraya alipokuonesha picha za ile baleti ya rangi za Mashariki, wacheza wamevaa suruali pana zilizobana vifundoni, nazo zikawatia wazimu wanawake wa Ulaya, ulinyanyuka kitini. Ukafungua kasha. Ukatoa suruali ya marinda ya bibi yako, ile iliyotoka Unguja, nyeupe, marinda yake bado yamesimama, inanukia udi. "Haya," ukasema, "nnataka kujua, nani kamuiga nani?" Ukacheka mpaka ukavua miwani. Na duka moja la Qurum lilipoweka suruali kama hizo kuwa fesheni mpya, ukaingia, ukashika pindo, ukamuuliza muuzaji kama angependa kumuona mama wa hiyo suruali. Nilitamani ardhi inimeze. Leo ningetoa chochote nisimame pale tena, nione haya.

Sasa nisikilize.

Ulikuwa kitandani. Ulinipa gauni la Thuraya, la mwisho ulilolikata kwa mkono wako, ukaniagiza nishone pindo tu. Nikaligeuza ndani, nikaiona ile mishono minene, nikaidharau. Wateja wetu wanataka nguo nyepesi, inayolala mwilini, nilikwishakwambia hayo mara ngapi, nawe ukanijibu kwamba mimi nashonea kioo. Nikachukua mkasi. Nikakata akiba yote, kulia na kushoto, kutoka kwapani mpaka kiunoni. Sitadanganya, gauni lilipendeza. Nilisimama nikalitazama nikajisifu. Vipande nilivifagia pamoja na nyuzi.

Siku mbili baadaye ulinishika mkono ukaniuliza, "Akiba umeniachia?"

Nikasema, "Nimeacha, Shangazi. Vidole vitatu."

Ukafumba macho. Ukasema, "Basi sina wasiwasi." Ijumaa tukakuzika.

Siku zile tatu za azaa, za matanga yako, wanawake walikuja wakaniambia umeacha fundi nyuma yako. Mimi nawamiminia kahawa, nashindwa kuwatazama usoni.

Ndiyo maana nguo ilipokataa kufunga, nilijua kabla ya Thuraya. Yeye, maskini, alisema, "Si kitu, tufumue tu, Bibi huacha." Nikamweleza yote. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Aliniuliza neno moja tu: "Bibi alijua?" Nikamwambia hapana. Akavua gauni, akalikunja, akavaa abaya yake akatoka. Siku nane hakupokea simu yangu. Nilizunguka Ruwi na Matrah na kipande cha hariri mkononi, duka kwa duka, na kila nyeupe niliyoiweka kando ya yako ilikuwa ama njano ama buluu.

Siku ya tisa aliingia na bahasha ya nguo kwapani. Marinda ya bibi yako, yale ya kashani. Akayaweka mezani akaniambia, "Kata."

Nilikataa. Nilimwambia hilo hungelikubali, na mimi mkasi wangu umekwisha kukosa mara moja. Akanijibu kwa maneno yako, kwamba nguo haina mwenyewe, ina zamu tu. Nikakaa chini nikauchukua mkasi. Nimekata mguu mmoja, Shangazi, mmoja tu. Wa pili umo kashani, salama. Kutoka ule mmoja nikapata vipande viwili, kimoja kila ubavu, na marinda yanashuka mpaka kiunoni. Pamba kando ya hariri. Inaonekana, na sikuificha. Kwapani nikatia kipande cha pembe nne, kama yule mama mtunza nguo alivyokuonesha, ili mtu anyanyue mikono nguo isipande.

Harusi ilikuwa juzi. Alinyanyua mikono akacheza, na nguo ikatulia. Mwanamke mmoja akaniuliza hii ni fesheni ya wapi, maana ameona kitu kama hicho Ulaya. Nikamwambia ni ya Unguja. Nikacheka peke yangu, nikageuka nikuoneshe uso wake, hupo. Nikaenda chooni nikalia.

Ndani nimeacha akiba. Nilipima kwa vidole vyangu, nikashona, kisha nikakumbuka kwamba vyako vilikuwa vinene kuliko vyangu. Nikafumua, nikaanza upya. Kwenye bitana nimeshona utepe. Juu kabisa limekaa jina la bibi yako, chini yake lako, chini yako Thuraya. Chini ya Thuraya pako wazi.

Mungu nimekwisha kumuomba msamaha, lakini uongo ule nilikwambia wewe, ndiyo maana nakuandikia wewe. Nakuahidi, hakuna gauni litakalotoka mlango huu bila akiba, hata mabibi wa Qurum wakinuna mpaka midomo ifike kule Yiti, nje ya mji.

Buriani, Shangazi wangu. Mola akupanulie kaburi lako. Na swali lako, naomba nilijibu tena: nimeacha. Vidole vitatu, na ni vyako, si vyangu.

Mwanao,
Rahma