Etiketi Namba 47

Kashebere, Alhamisi

Kwa kaka yangu mpendwa Barthélemy,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na pole zangu kwa kifo cha ndugu yako mkubwa Makuza, ambacho kesho kinatimiza wiki moja. Natumaini homa imemwacha Mama yenu, na kwamba hapo kambini Kashuga mumepata hema lisilovuja. Mimi ni mzima wa mwili.

Tangu tulipopata diploma zetu pamoja, unajua nilichokitamani: jina langu lisomwe kama mkusanyaji kwenye karatasi za mimea iliyokaushwa, zinazohifadhiwa mahali ambapo wataalamu wa nchi zote huja kujifunza. Ndiyo sababu nilipanda kwenye malisho yenu kutafuta lile ua dogo la buluu. Makuza alinipokea kwa maziwa, akanicheka, eti mutu amesoma miaka tano ili akuje kukausha chakula ya ng'ombe! Kisha akanipeleka mwenyewe hadi kwenye bonde alimoficha mifugo tangu vita virudi. Alinisihi jambo moja tu: nisimwonyeshe mutu njia.

Ijumaa ile nilikuwa wa kwanza kufika huko. Makuza alikuwa amelala kifudifudi mlangoni mwa zizi, panga limempasua kisogo hadi shingoni. Ng'ombe walikuwa wamekatwa mishipa ya miguu. Waliobaki hai walijivuta kwa magoti ndani ya damu, wakilia. Ulipofika ulikuta nimemfunika kwa koti langu, ukanishukuru mbele ya watu wote. Nami nikazipokea shukrani hizo.

Jana Jean de Dieu, mwenye pikipiki, alinieleza kwamba vijana wenu hapo kambini wamemfunga Athanase, mchungaji wenu wa ng'ombe. Wanasema nje ya jamaa yenu yeye peke yake njo alijua lile bonde, na asubuhi ya mauaji alikuwa ameenda kuuza maziwa. Alisema wamekwisha kumvunja vidole vya mkono wa kukamulia, kimoja kimoja, wakimdai jina la aliyemtuma. Alisema pia kwamba Jumapili baada ya misa watammaliza kwa mapanga, wakipata neno lako.

Kaka, usilitoe neno hilo. Aliyewapeleka wauaji kwa Makuza ni mimi.

Siku mbili kabla ya kifo chake, kwenye bariere ya kuzuia barabara hapa Kashebere, watu wenye silaha walifungua mzigo wangu. Kamanda wao aliuliza kwa dharau kama mimi ni muganga wa majani. Iliniuma. Nilijibu kwamba mimi ni mtaalamu wa mimea, nikamsomea kwa sauti etiketi namba 47, maelezo ya mahali nilipochuma lile ua la buluu: kimo cha mlima, jiwe lililopasuka, kijito cha kuvuka mara mbili, ua linaota hatua sitini juu ya zizi la Makuza, majani yameliwa na ng'ombe arobaini hivi. Nikaongeza kwamba hata mutu ambaye hajawahi kukanyaga milima hii ya Masisi anaweza kushika karatasi hii na kufika kwenye shina lenyewe. Aliacha kucheka. Aliniita Profeseri, akaamuru wanipishe, akabaki na karatasi pamoja na ua lake. Niliondoka pale nikiwa na furaha.

Na Ijumaa sikurudi kumsalimu Makuza. Nilirudi kuchuma ua lingine badala ya lile. Niliona maiti yake kutoka juu, nikachuma kwanza, ndipo nikashuka kumfunika.

Humu nimetia nakala ya etiketi, kwa mwandiko wangu unaoujua. Isome mbele yao wote, wamfungue Athanase. Pikipiki ya Jean de Dieu imebeba mgonjwa, haina nafasi yangu, kwa hiyo barua inatangulia. Mimi nafuata kwa miguu, na Jumamosi nitakuwa mbele yenu. Ile kamba mutakayomvua Athanase, muiache hapo hapo inisubiri.

Nisalimie Mama, ukiona salamu zangu bado zinafaa kufika kwake.

Ni mimi,
Noël Mapendo, mkusanyaji