Msumari wa Nane wa Ua la Fedha

S.L.P. 41,
Kasulu,
Kigoma.
14 Julai 1997.

Mpendwa kaka yangu Isihaka,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu Firdausi na watoto wote hapo Lindi. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba linakusumbua wakati wa masika, na hiyo mara ya mwisho yenyewe ilikuwa mwaka juzi, kwa hiyo sijui nikupe pole au nikupongeze kwa kupona. Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, macho tu ndiyo yanazidi kufifia, lakini masikio yake usiyaguse. Ukinong'ona jikoni anakujibu kutoka uani.

Maharage tumeshavuna na yamekubali. Mimi bado niko na meza yangu ileile ya Baba pale barazani, nachora majina kwenye masufuria. Wakimbizi wa kambini wamenipa kazi kweli, kila mtu anataka jina lake kwenye sufuria lisije likachanganyika na la jirani. Nimechora akina Ndayisaba mpaka naweza kuwachora nimefumba macho.

Basi, hizo ni salamu. Sasa kaka, kaa chini. Kama umesimama tafuta kiti, na kama wifi yuko karibu mwite asikie, maana mwenzio nina siku tatu silali kwa furaha na kalamu yenyewe inaniruka mkononi.

Bunduki ya Athuman imerudi nyumbani.

Ndiyo, hiyohiyo. Gobore la Athuman wa Kibondo, lenye njumu za fedha, zile nakshi alizozilaza Baba ndani ya mti na chuma, na ua la petali nane pale shavu linapoegemea. Nimelishika kwa mikono yangu. Hivi ninavyoandika liko hapa mezani, limefunikwa kwa kanga ya Mama.

Ngoja nikueleze toka mwanzo, nisije nikaruka kama kawaida yangu.

Kuna bwana mmoja anaitwa Reverien, karani mstaafu, anakaa Buhigwe. Wazazi wake walitoka Burundi zamani. Huyu bwana ana chumba kizima cha magobore ya kale, na kibali cha kila moja amekibandika ukutani. Hawindi hata kanga. Ukimwuliza anayapendea nini, anakwambia anapenda mikono iliyoyachora. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani amechanganyikiwa kidogo. Wiki tatu zilizopita alikuja hapa na bunduki imeviringishwa kwenye kitenge, na karatasi ya polisi yenye muhuri ya kumruhusu kuitembeza. Mtambo wake umetolewa, haiwezi kufyatua kitu. Akasema amekabidhiwa na mzee mmoja wa Kibondo ambaye ni mgonjwa na hana wa kumwachia, na kwamba petali moja ya ua imeachia kwa sababu mti umekauka. Alikuwa amesikia kuna mwanamke Kasulu anayejua kutia njumu. Kaka, hakujua kabisa alikuwa anabisha hodi kwa nani.

Alipofunua kile kitenge, niliijua kazi ya Baba papo hapo. Unakumbuka Baba alikuwa mashoto? Fundi mwingine akichora jani, linalalia kushoto. Majani ya Baba yote yanalalia kulia, kana kwamba upepo unavuma upande wake peke yake. Nikatazama mtutu. Pale alipotia fedha juu ya chuma, bado ukipitisha ukucha pembeni unasikia alivyokikwaruza kwanza misalaba midogo midogo mpaka kikawa kama ulimi wa ng'ombe, ndipo fedha ikang'ang'ania. Nikatazama waya uliolazwa ndani ya mninga. Miaka ishirini na minane, na hakuna hata mmoja ulionyanyuka. Nikamwambia yule bwana aniachie, arudi Alhamisi. Sikumwambia zaidi, maana ningefungua mdomo ningelia.

Sasa hapa inabidi niseme mambo ambayo mimi na wewe hatujawahi kuandikiana. Usikasirike. Ukikasirika, maliza kwanza kusoma.

Nakumbuka yote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Athuman alileta bangili ya fedha ya marehemu mama yake, nene kama kidole gumba, akataka yote iingie kwenye bunduki yake. Baba alifanya kazi miezi miwili. Ile Ijumaa alipokuja kuichukua, alilipapasa lile ua, akaona ni jembamba, akaibeba bunduki mpaka mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali, akauliza kwa sauti nusu ya bangili ya mama yake iko wapi. Baba alijibu kwamba yote imo humo, hakutoa hata punje. Wakamwambia afungue waone. Akakataa. Unajua kiburi chake, na mimi nimekirithi chote. Akageuka akaenda zake, na toka siku hiyo mji ukamwita Haidari Nusu. Shuleni mimi nilikuwa Binti Nusu mpaka darasa la saba.

Na usiku ule, kaka, nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikusikia ukimwuliza, "Baba, kweli yote imo?" Nikamwona anaweka nyundo chini na hakukujibu. Jumapili ukapanda gari. Hakutia tena njumu mpaka anakufa, alikuwa anaziba ndoo na vibatari. Wewe hata kwenye maziko hukuja, na mimi nilikuchukia kwa hilo miaka mingi, nakwambia ukweli. Sasa sikuchukii. Mimi mwenyewe, mtoto wake niliyekaa naye, kuna siku nilijiuliza swali lilelile, ila sikuwa na ujasiri wa kulitamka.

Basi, sikiliza.

Jumatano nilikaa kutengeneza ile petali. Kuigonga tu isingekaa, ilibidi ua lote litoke. Nikalipasha moto kidogo, nikashika koleo ndogo, nikaanza kung'oa misumari, ile ya fedha isiyozidi punje ya mtama. Nane, mmoja kila petali. Saba imenyooka kama ilivyokuwa desturi ya Baba. Wa nane umepinda. Nikacheka peke yangu hapo barazani mpaka mpita njia akageuka. Ulikuwa wako! Unakumbuka Baba alikuwa hagongi msumari wa mwisho wa kazi yoyote? Alikuwa anakuita wewe, kifungua mimba wake, anakupa nyundo, na mimi nimenuna pembeni kwa wivu. Na wewe ulikuwa unagonga ovyo kila mara, na yeye anasema vizuri, vizuri.

Nikainua ua. Chini yake, kwenye mti, Baba alikuwa amechimba kijishimo cha urefu wa vidole viwili, akakijaza nta. Wakati ule sikuelewa, maana chini ya njumu hakuna sababu ya kuchimba. Nikaichokoa ile nta kwa sindano. Kwanza zikatoka chembe zinazometameta, vumbi la tupa, lile ambalo mafundi wote hulifagia na kujiwekea. Amelikusanya lote akalikandika humo. Kisha sindano ikagonga kitu kigumu.

Kaka, ni kipande cha bangili. Hakijagongwa hata kidogo, kiko vilevile kilivyotoka mkononi mwa yule bibi. Na juu yake kwa herufi za Kiarabu kumechorwa jina la Mwenyezi Mungu, na chini yake Salma, jina la mama yake Athuman.

Nilipiga kelele. Sina haya kukwambia, nilipiga kelele kama mwizi aliyekanyagwa na ng'ombe. Nikaelewa yote kwa mara moja. Baba angepigaje nyundo juu ya jina la Mungu? Angelifanyaje kuwa waya? Akakikata kile kipande, akakiweka mahali pa heshima. Hakukiweka kwenye kitako kinachosimamishwa chini kwenye matope, alikiweka juu, pale mtoto wa Salma atakapolaza shavu lake kila akilenga. Ndiyo maana ua likawa jembamba. Kumbe alisema kweli tupu, hata punje haikutoka.

Mama alikuja akipapasa ukuta, akauliza nimeumia wapi. Nikamwekea kiganjani. Akakipitishia kidole gumba muda mrefu. Kisha akanieleza kitu ambacho hajawahi kumweleza mtu. Alhamisi ile, kabla ya Athuman kuja, Baba alimwambia kwamba kesho atampa yule bwana neno la kumliza kwa furaha. Hakumwambia ni neno gani, alitaka mwenyewe awe wa kwanza kusikia. Na huyo mwenyewe akaja na matusi kabla hata ya salamu, Baba akalimeza neno lake akaondoka nalo.

Mama akaingia ndani, akarudi na ile nyundo ndogo ya Baba, kumbe miaka yote ameihifadhi kwenye sanduku lake la kanga. Akaiweka mezani akasema maneno mawili tu.

"Mwite Isihaka."

Lakini mimi sikuandika siku ile. Nilitaka kwanza nimalize kazi. Alhamisi Bwana Reverien alipokuja nilimweleza yote, akavua kofia, akasema "amahoro", yaani amani kwa Kirundi, mara mbili taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani. Keshoye tulipanda lori la mahindi mpaka Kibondo. Tulipofika Kitahana, anakokaa Athuman, nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia ushungi mpaka kandambili, wala sikujali.

Mzee Athuman hakunitambua. Amekwisha, kaka, kidevu kinatetemeka na duka lake lina makopo mawili matatu tu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia, nilikuwa nayo yamejaa mdomoni. Nilipomwona yakayeyuka. Nikamwambia tu mimi ni binti Haidari, nikamtilia kile kipande mkononi. Alikisogeza karibu na jicho. Akakibusu. Halafu akauliza kilikuwa wapi, nikamwonyesha na kidole kwenye shavu lake. Alikaa chini palepale, juu ya gunia la chumvi, akalia kwa sauti. Watu wakaja, hakuwafukuza. Aliniomba jambo moja, nimwonyeshe kaburi la Baba.

Alikuja Ijumaa hii iliyopita, anaumwa hivyohivyo, amebebwa mbele kwenye gari. Alizuru kaburi. Kisha akaswali, na watu walipotoka akasimama palepale aliposimama mwaka ule, ameshikiliwa mkono, akasema, "Miaka ishirini na minane iliyopita nilimwita Haidari mwizi hapa. Haidari hakuniibia kitu. Mimi ndiye niliyemwibia jina lake, na leo nalirudisha mbele yenu."

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na akina mama wengine, nimemshika Mama. Yule mzee Nestori muuza chumvi, aliyekuwa wa kwanza kumwita Baba Nusu, alikuja akatusalimia ameangalia chini. Nilimwitikia. Kidogo nimpe na neno, lakini Mama alinifinya.

Baadaye Mzee Athuman akauliza yule kijana wa kwanza wa Haidari yuko wapi. Nikamwambia Lindi. Akasema bunduki itabaki chumbani kwa Bwana Reverien watu waje waione, lakini kile kipande kirudi palepale Baba alipokiweka, kisihamishwe. Na Bwana Reverien ameshaandika karatasi ya kuweka chini yake, kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani: Kazi ya Fundi Haidari wa Kasulu. Haidari, kaka, hakuna Nusu.

Kile kipande nimekirudisha. Nimekipangia vumbi lake kama lilivyokuwa, nimemwaga nta mpya ya nyuki kutoka Nyakitonto, nimelaza ua, nimelisugua kwa jani la msasa na mkaa mpaka linacheka. Misumari saba nimegonga.

Wa nane sijaugonga. Na sijaunyosha. Uko ndani ya kopo la dawa juu ya meza, umepinda vilevile ulivyoupinda wewe, na nyundo iko pembeni yake. Karatasi ya polisi inakwisha mwisho wa Agosti. Bwana Reverien anasema atasubiri mpaka siku ya mwisho, Mzee Athuman anasema atajitahidi kuwa hai, na Mama kila akisikia lori linapunguza mwendo anauliza ni nani ameshuka.

Najua kinachokuzuia. Unadhani Baba alikufa hajakujibu lile swali. Isihaka, jibu aliliweka zamani kabla hujauliza, akakupa nyundo ulifunge wewe mwenyewe. Njoo.

Msalimie sana wifi Firdausi, mwambie safari hii sitaki kusikia habari ya goti. Wabusu watoto. Mama anakuombea dua kila swala, Kipriani wa jirani uliyecheza naye mpira anakusalimu, sasa ana kipara. Mola akufungulie njia, akufikishe salama, akukutanishe na mama yako angali anaweza kukutambua kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Mwanaamina binti Haidari