Kitambaa cha Wageni Juu ya Zahanati

Jumatatu, 3 Juni

Wageni wa serikali wanakuja Ijumaa kukagua zahanati. Tuko watu thelathini na wanane kwenye kisiwa hiki cha jiwe, na wote tumepewa kazi. Mimi kupaka chokaa mawe ya gatini. Yamekaa na mavi ya ndege tangu sijazaliwa, leo ndiyo yanaona aibu. Mwenyekiti — mdogo wa mke wangu, niliyemfundisha mimi kufunga kamba za viatu — anazunguka na filimbi shingoni.

Jumanne, 4 Juni

Kitambaa cha kukaribisha wageni kimefika toka bara. Hakuna ukuta wa kukitosha. Shemeji kakitandaza juu ya bati la zahanati, wageni wakisome wangali majini. Nikamwambia kinafanana na shuka la kikojozi. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Juni

Nesi kaja uso umemshuka. Friji ya dawa imezima. Kabadilisha fyuzi, kakaza nyaya, kaipiga na kofi. Nikatoka nje, nikatazama juu.

Kitambaa kimefunika paneli za sola zinazoendesha friji. Zote nne!

Siku mbili tunapita chini yake. Na mimi nimo, nafanya mzaha.

Mle ndani mna insulini ya mke wangu, ya miezi miwili. Boti ya dawa ni Agosti. Na chumba kile ni tanuri.

Nimemfuata shemeji. Kasema nitulie, kesho wageni wakiondoka kitashushwa.

"Ni dada yako yule."

"Shemeji, siku moja haimuui mtu."

Kumbe udaktari kausomea kwenye filimbi.

Ijumaa, 7 Juni

Naandikia juu ya bati. Nimepanda alfajiri na kisu cha samaki. Upande mmoja nimeshaukata, paneli mbili zimepata jua. Nesi kaniambia toka dirishani: friji inanguruma. Ila chupa mbili zimeshafanya utando, na zilizobaki hawezi kuziapia.

Shemeji kaondoa ngazi. Halafu ananiamuru nishuke. Nishuke kwa kushika nini, ndevu zake? Boti ya wageni imeonekana, anasema, namvunjia heshima.

Mke wangu kaja. Katazama ngazi, kanitazama mimi. Akamuuliza mdogo wake kama alijua mna nini kwenye friji ile.

Kajibu alijua.

Kaingia kwa nesi, katoka na zile chupa mbili mkononi. Sasa kasimama gatini peke yake, mbele ya mawe yangu meupe. Shemeji anamwita, dada, dada, njoo huku kwanza. Hageuki.

Boti imepunguza mwendo. Nakata upande wa pili.