Mbwa Aliyekataa Wali Wangu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Guangzhou tu wazima, na mtoto wa shangazi yako ameanza kutembea. Umeniuliza mbuzi wako ana nini hata hagusi majani.

Nilipokuwa kijana, bado mgeni huku, mbwa wa duka nililokuwa nikinunua vitambaa alikataa wali wangu siku mbili. Mimi na laoban, yule mama mwenye duka, tukambeba hadi kwa mganga wa wanyama, mimi nikilia. Mzee akamtazama ulimi, akamnusa mdomo, akapima mapigo ya damu pajani.

"Huyu ameshiba kupita kiasi. Nani mwingine anamlisha?"

Laoban akainua mkono taratibu. Kumbe na majirani zake pia. Tulicheka njia nzima.

Usimlilie mbuzi wako. Muulize kwanza babu yako anampa nini, maana namjua.

Bibi yako