Chupa ya Tisa

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila shikamoo.

Arobaini yako imepita salama. Mama amerudi Kinole kwenye migomba yake. Randa na misumeno yako nimeifunga kwenye gunia, nikaipandisha darini. Kuku wako mweupe amehamia kwa jirani na hataki kurudi.

Nakuandikia habari za mashindano. Ulituacha zikiwa zimebaki wiki tatu turudiane na wavulana wa misheni katika ule mchezo wa Wadachi, wa kuviringisha tufe kwenye njia ya mbao ili liangushe chupa tisa za mti. Mara ya kwanza ulikuwepo. Zilitakiwa chupa tatu tu, na zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Watu waliponyamaza nikaanza kukumbuka yote niliyoandika katika daftari: mguu wa kushoto, goti, bega, kidole gumba. Tufe likaniponyoka, likaingia mtaroni kabla ya kufika nusu ya njia. Sikuweza kuinua uso.

Wewe uliyezikereza chupa zile kwa mikono yako ulitembea nami kurudi nyumbani Bigwa. Tulipovuka mto ndipo ukasema, "Mpwa wangu, umebeba daftari zima kichwani. Tufe ulitaka likae wapi?"

Tangu siku ile ukanifundisha kila alasiri, nyuma ya karakana yako. "Tazama chupa moja, hizo nyingine si zako. Toa pumzi mpaka iishe, kisha tupa. Anayekutazama mwache atazame, ana macho yake." Nilitupa vizuri, nikadhani nimepona. Ukaniambia, "Hapa unaweza kwa sababu mimi hunihesabu kuwa mtu." Nilitaka kubisha, ukacheka mpaka ukakohoa.

Kisha homa. Siku nne tu.

Msibani alikuja Bi Kidawa, yule mtani wa ukoo wetu. Alivaa aproni yako ya ngozi, akafumba jicho moja, akaukagua mwiko wa ugali kama ulivyokuwa ukikagua mbao. "Umepinda huu! Nani kauchonga?" Watu walicheka, hata Mama alicheka. Mimi sikuweza. Najua mtani ana ruhusa ya kufanya hivyo msibani, lakini nilimchukia, Mjomba. Nilikwenda karakana nikakaa juu ya takataka za randa mpaka watu walipotoka makaburini.

Siku ya kurudiana, Bwana Mwalimu, yule Mdachi wa shule yetu, aliniambia kwamba tufe likiniponyoka tena, nafasi yangu atapewa mwingine. Alisema kwa upole, na hilo lilinitia hofu zaidi. Ikafika zamu ya mwisho, yangu tena. Nikiangusha zote tisa tunashinda, nane tunatoka sare. Watu wakanyamaza vilevile. Nikatazama chupa moja, ikawa tisa. Nikajaribu kutoa pumzi, haikutoka.

Ndipo Bi Kidawa akapaza sauti kutoka nyuma: "Jamani mtazameni! Mjomba wake ameona heri akimbilie kaburini kuliko kuiona aibu hii mara ya pili!"

Watu wa misheni wakashika vinywa. Bwana Mwalimu akawa mwekundu, akaamuru yule mama atolewe. Na mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani huitikia kwa kunong'ona, nikasikia sauti yangu: "Mwacheni, Bwana Mwalimu. Ni mtani wetu. Ana haki."

Wote walinigeukia, na sikufa. Nikakuona wewe ukikimbilia kaburini na aproni yako, nikacheka. Nilicheka mpaka pumzi ikaisha yote, kama ulivyotaka. Nikatazama chupa moja. Nikatupa.

Zilianguka nane. Ya tisa ilikuwa ile ya mninga, uliyoichonga wiki yako ya mwisho badala ya ile iliyopasuka, ukaiacha nzito chini. Iliyumba, ikajizungusha, ikasimama.

"Mungu wangu!" akapiga kelele Bi Kidawa. "Hata huko aliko bado anakubania!"

Tulitoka sare. Bwana Mwalimu ameliacha jina langu kwenye orodha. Bi Kidawa alipokuja kunipa mkono alikuwa akilia, na hapo ndipo na mimi nililia, mbele ya shule nzima, kilio ambacho sikulia msibani.

Jana Bwana Mwalimu alinipa ile chupa niipunguze kitako ilingane na wenzake. Nikaishusha randa darini, nikafunga chupa kwenye jiriwa ili isicheze. Pembeni zimebaki alama za patasi yako, hukuwahi kuzisugua. Nikaifungua. Leo asubuhi nimemrudishia ikiwa vilevile, nikamwomba iachwe, kwa kuwa uzito wake ni uleule kwetu na kwa wale wa misheni. Amekubali. Nilisema kwa sauti ya kusikika.

Lala salama, Mjomba. Sitaichonga. Nitaiangusha hivyohivyo ulivyoiacha.

Mimi mpwa wako.